Wimbo wa Geti Jekundu

Hakuna kitu duniani kilichobaki cha kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, mwanangu, na sikuwa nabahatisha. Shule niliiacha darasa la tano. Niliteremka kutoka milimani nikaingia Morogoro mjini na kaptula moja na mdomo mrefu. Leo tembea kwa miguu kutoka Msamvu kuelekea mjini, tazama mageti ya chuma kushoto na kulia: yale yaliyonyooka, ambayo hayaburuzi chini yakifunguliwa, ni ya mkono wangu. Karakana yangu, kiwanja changu, nyumba yangu, na hakuna mtu aliyenichangia hata bati moja. Nimeona umeme ukimrusha mtu mzima kama kifuu. Nimeona mteja akilikana geti lenye jina lake mwenyewe. Nishangazwe na nini tena?

Sasa nakumbuka siku moja, ilikuwa Jumatano, wingu limeifunika milima mpaka kiunoni, dada yangu Mwajuma akaingia karakanani bila salamu. Alisimama katikati ya vyuma na mkoba wake kwapani, akanitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyeingia jikoni.

Lakini ngoja kwanza. Kabla ya Mwajuma lipo gitaa, na bila gitaa hutanielewa.

Gitaa langu la kwanza nililitengeneza mwenyewe, kule kwetu juu upande wa Matombo, kwa galoni ya mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli. Nilipofika mjini nikawa nafanya vibarua vya kuchomelea mchana, na jioni nasimama nyuma ya ukuta wa baa moja ambako bendi ya dansi ilikuwa inafanya mazoezi. Kiingilio sikuwa nacho, ila masikio nilikuwa nayo. Mpiga solo wao, Mzee Kibwana, mtu mwembamba mwenye kucha ndefu mkono wa kulia, aliniona siku nyingi pale ukutani, mwisho akaniita ndani. Huyo ndiye aliyenionyesha solo ni nini na rithimu ni nini, na namna ya kuliacha gitaa lipumue.

Siku moja nilimpigia kipande nilichodai nimekitunga. Akauliza, "Hicho umekitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, mzee."

"Na kichwani mwako nani alikiweka?"

"Mimi mwenyewe."

Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Selemani, kila sauti ina mama yake. Usipomtaja, siku moja atakuja kumchukua mwanawe mbele za watu."

Nikasema moyoni, mzee huyu anaona wivu. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake, naye alijua. Miaka ikapita, bendi ikavunjika, Mzee Kibwana tukamzika. Maneno yake niliyazika naye, au ndivyo nilivyodhani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wangu ulikuwa unangoja zamu yake tu.

Nikajenga maisha. Gitaa sikuliacha, niliweka moja la kisasa pale karakanani, nyuma ya mtungi wa gesi, na kila nikipata mwanya nalipiga. Nikatunga vipande kumi na kimoja. Mwaka juzi mpwa wangu Tausi, mtoto wa huyu huyu Mwajuma, amemaliza kidato cha nne akawa anakaa kwangu mjini, akaniambia, "Mjomba, siku hizi wapiga muziki wanakutana mtandaoni. Wewe unapiga gitaa huku, mwingine anapiga besi nchi nyingine, mnaunganisha."

Nikamwambia nifungulie ukurasa. Kusoma kwangu ni kwa kukwama kwama, kwa hiyo yeye akawa anasoma na kuandika, mimi najibu huku nimeshika brashi ya rangi.

"Wanauliza una tungo ngapi."

"Kumi na moja. Andika kumi na moja kali."

"Unatarajia nini kwa watakaoshirikiana na wewe?"

"Wawahi. Sipendi watu wa kesho."

"Wanauliza umejifunza kwa nani. Waliokuathiri katika muziki."

"Andika hakuna."

Tausi akasita. "Hata Mzee Kibwana unayemsimulia kila siku?"

"Hakuna."

"Hata bibi? Mama alisema bibi alikuwa mwimbaji."

"Tausi, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Andika: hakuna, mimi mwenyewe."

Akaandika. Mwanangu, lishike neno hilo, tutalirudia.

Haikupita muda nikampata Fiston, mpiga besi wa Lubumbashi, kijana mwenye vidole vizito vitamu na Kiswahili chao cha Kongo. Ananiita mukubwa. Nilimtumia vipande kadhaa, akavisifu kwa adabu tu. Kisha nikamtumia kile cha saba. Hicho kilinijia siku moja nikipaka rangi geti jekundu la mteja wa Kihonda. Brashi inapanda, brashi inashuka, mara sauti ikaja yenyewe, kama mtu amenong'ona nyuma ya shingo yangu. Niliacha rangi ikauke kwenye brashi. Nikakiita Geti Jekundu. Kilikuwa na upungufu mmoja: mwisho wake sikuwa nimeupata. Nilikuwa na sauti nne tu za kumalizia, nazo nilizipiga peke yangu karakanani, sikuzirekodi, sikumpa mtu. Niliufunga wimbo kwa kuufifisha tu.

Fiston akaweka besi, akalipia studio huko kwao, akautoa kwenye ukurasa wake wenye watu wengi. Mwanangu, wimbo ule ulitembea! Nilimsikia dereva wa bajaji ameuweka kuwa mlio wa simu yake. Vijana wa sokoni wakawa wanaupiga mluzi. Napita, wananiita, "Mzee wa Geti!" Nilinunua shati jipya.

Basi, sasa Mwajuma yuko mbele yangu, hajanisalimia.

"Kaka, ule wimbo wako wa kwenye simu."

"Umeusikia! Mpaka kule juu umefika?"

"Umefika. Boda aliyeleta saruji alikuwa nao. Bibi Mwantumu kausikia, akaangusha ungo."

"Kwa utamu?"

"Usinifanyie masihara, Selemani." Hapo ndipo nilipojua ni zito, maana mimi mkubwa wake, hajawahi kuniita jina kavu. "Wimbo wa kumtolea mwali umeutoa wapi wewe mwanamume?"

Nikueleze, kama wewe si wa kwetu. Sisi Waluguru binti akifika umri wake anawekwa ndani, anakuwa mwali. Kungwi, ambaye kwetu ni huyo Bibi Mwantumu, na wanawake wa ukoo wanamfunda, na mafundisho yao yako ndani ya nyimbo. Siku ya kumtoa, upo wimbo mmoja unaoimbwa mara moja tu, pale anapovuka kizingiti. Siku hiyo wanaume wote wanateremka ng'ambo ya mto mpaka wasisikie kitu. Mwanamume anazaliwa, anazeeka na kufa hajausikia. Zamani mwali alikaa ndani miezi; siku hizi ni wiki chache, shule na vyuo vimebana. Na Tausi wangu, aliyeniandikia ule ukurasa, alikuwa na wiki ya tatu ndani. Atolewe Jumamosi, Jumatatu aripoti chuo cha uuguzi Dodoma. Barua ilisema asiyeripoti siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine.

"Bibi Mwantumu amesema haimbi," Mwajuma akasema, na sauti ikamkatika. "Amesema wimbo unaopigwa mluzi na wauza vitunguu haumtoi mwali. Na bila wimbo hatoki. Na asipotoka, Jumatatu haendi kokote. Umenielewa?"

Nikamwambia amenisingizia, wimbo ni wangu, umezaliwa kwenye geti la Kihonda, nina ushahidi wa rangi. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi nikapanda. Boda alinifikisha mwisho wa barabara, kilichobaki ni mguu. Kwenye njia ya migomba nikapishana na wanawake watatu wenye ndoo. Habari ilikuwa imeshanitangulia.

"Jamani, mwali mwenye ndevu huyo anapita!"

"Nani kamcheza unyago?"

"Kajicheza mwenyewe! Si anasema hajafundishwa na mtu?"

Wakacheka. Mimi niliyezoea kuitwa bosi nikainamisha kichwa nikapita pembeni kama mbuzi wa watu.

Bibi Mwantumu ni mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye kungwi wa ukoo wetu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kibarazani, ngoma tatu zimelazwa ubavu ukutani, baridi. Ngoma inayotarajia kupigwa huwekwa wima na kuota moto. Hizi zilikuwa zimelazwa kama wagonjwa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba." Hakuniambia karibu.

Nikaanza kujitetea. Nikasema yote, geti, brashi, rangi nyekundu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Wimbo wako unaishaje?"

"Haujaisha, mama mdogo. Bado naumalizia."

Akatazama kulia na kushoto kuhakikisha hakuna mwanamume mwingine. Akafumba mdomo, akauimba puani, kipande kifupi, pumzi moja tu. Sauti nne, moja baada ya nyingine. Zile zile. Zile nilizopiga peke yangu nyuma ya mtungi wa gesi, ambazo hata Fiston sikumpa. Halafu akaongeza ya tano, na wimbo ukafunga kama komeo linavyoingia kwenye tundu lake.

Nilikaa chini, mwanangu, chini kabisa, kwenye vumbi na suruali yangu ya safari. Mimi nisiyeshangazwa.

"Mama yako ndiye aliyekuwa mpigaji wa ngoma kubwa," akasema, safari hii taratibu. "Ulikuwa unanyonya bado, hukubali kubaki na mtu. Akakufunga mgongoni, akaingia nawe ndani. Tukasema mtoto wa ziwa hana masikio. Alipokuwa akipiga, kichwa chako kilikuwa kinagonga mgongoni kwake, tu, tu, tu, na wewe umelala. Tulikosea sisi. Ulikuwa unasikia."

Nikamuuliza nifanye nini.

Akanipa masharti matatu. Kwanza, wimbo utoke kwenye simu zote, wangu na wa huyo Mkongo, kabla jua la Jumamosi halijagusa kizingiti. Pili, faini ya wanawake: beberu mmoja na doti saba za khanga. Tatu, nisimame mbele ya wanawake wa ukoo niseme kwa kinywa changu kwamba sikuutunga.

Beberu na khanga havikunitisha. La tatu ndilo lililonikaba. Nimetengeneza jina kwa kusema mimi mwenyewe, mimi mwenyewe. Leo niseme siyo mimi?

"Mama mdogo, maji yakimwagika hayazoleki. Wimbo ukishaingia mtandaoni..."

"Uliyamwaga mwenyewe. Yazoe."

Nikatoa simu niufute wa kwangu. Nikakumbuka ukurasa ule utanidai nenosiri. Nenosiri aliliweka Tausi, na Tausi yumo ndani, haongei na mwanamume. Nikamtazama Bibi Mwantumu kama mtoto aliyejikojolea. Akafikiri sana. Mwisho akagonga ukuta wa udongo kwa kiganja. "Mwali. Mjomba wako ana swali moja. Jibu, halafu nyamaza."

Nikasogea ukutani. "Tausi, nenosiri la ule ukurasa."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba. "Jina la bibi. Herufi ndogo zote."

"Bibi yupi?"

"Mama yako, mjomba. Zainabu."

Nilimkataa mama yangu kwenye ukurasa ule, na mtoto yule akamweka mlangoni kimya kimya. Kila aliponifungulia tulipita kwake. Kabla sijaondoka ukutani nikasikia tena, kwa haraka, kama mtu anayeiba neno.

"Mjomba, Jumatatu."

"Nyamaza!" Bibi Mwantumu akagonga ukuta.

Kijijini kwetu mtandao haukamatiki ila kwenye jiwe moja mgongoni mwa mlima, watu wanaliita jiwe la simu. Nikapanda. Wa kwangu nikaufuta. Nikampigia Fiston, hapokei. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamweleza yote. Nikakaa juu ya jiwe mpaka makalio yakafa ganzi. Ijumaa asubuhi jibu likaja.

"Mukubwa, sielewi. Uliniambia ni yako. Nililipa studio na pesa ya kweli. Jumamosi redio ya huku itaupiga. Sasa unasema nifute, juu ya wamama? Kwenye ukurasa wako niliona umeandika hakuna mutu. Hao wamama wametoka wapi leo?"

Mwanangu, nimewahi kuungua kwa cheche za kuchomelea, jicho zima likavimba. Haikuuma vile. Nikamjibu kwamba pesa ya studio nitamrudishia yote, na kwamba nilidanganya bila kujua ninadanganya, ila hata kama wimbo ule sikujua ulikotoka, Mzee Kibwana nilimjua, nikamficha. Nikamwambia kuna binti yumo ndani ya nyumba ya udongo anasubiri kidole chake yeye Fiston. Ujumbe ukaenda. Ukasomwa. Kimya.

Kimya Ijumaa yote. Nilishuka kuleta beberu na khanga, nikarudi jiweni, kimya. Wanawake walikuwa wanawasili na mizigo yao kichwani, wananitazama bila neno, na kutotaniwa kuliniuma kuliko kutaniwa. Mwajuma alinipita mara mbili. Mara ya tatu akaniwekea kikombe cha chai juu ya jiwe, akaondoka hajasema kitu.

Jumamosi jua lilipochomoza nilikuwa jiweni. Kule chini naona paa la Bibi Mwantumu, naona mstari wa jua unateremka ukutani, pole pole, kuelekea mlangoni. Ngoma bado zimelala. Wanaume wamekusanyika uwanjani hawajui waende mtoni au waende makwao. Chaji ya simu ilikuwa imebaki kidogo.

Simu ikatikisika.

"Mukubwa. Nimeuliza mama yangu. Akaniuliza: na zile nyimbo zetu, ungeziuza? Nimefuta. Redio nimewaambia hapana. Utanipa kingine, lakini sema kwanza kimetoka wapi."

Nilishuka mlima ule kwa mbio za kijana. Niliteleza, suruali ikapasuka gotini. Nikafika uwanjani nahema, jua liko unene wa kiganja kutoka kwenye kizingiti. Bibi Mwantumu akamwita Mwajuma, "Tafuta kwenye hiyo simu yako." Mwajuma alikwishautafuta kule jiweni asubuhi ile, nikaja kujua baadaye; alikuwa upande wa pili wa jiwe ameniona, akashuka kabla yangu.

"Hakuna, mama mdogo. Umeondoka kote."

"Na vijana wenye miluzi?"

"Hao watasahau," nikasema. "Wakipewa mwingine watasahau."

"Sema basi lililobaki."

Wanawake kama thelathini, na watani wangu watatu wa ndoo wako mbele kabisa. Nikasema, "Wimbo ule sikuutunga. Niliuchukua mgongoni kwa mama yangu Zainabu, sikumtaja. Na gitaa nilifundishwa na Mzee Kibwana, sikumtaja. Naomba radhi."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi Mwantumu aliinamisha kichwa mara moja tu kukubali, akageuka, "Ziwekeni ngoma motoni. Wanaume, mtoni!"

Tukateremka. Wenzangu walisimama ng'ambo ya mto mahali pa desturi. Mimi niliendelea. Niliona masikio yangu hayaaminiki, mwanangu, yalishaiba mara moja. Niliwapita wenzangu, nikapita shamba la iliki, nikatembea mpaka nikabaki na sauti ya pumzi zangu. Maisha yangu yote nimekuwa naufuata muziki nyuma ya kuta za watu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza niliukimbia, na nadhani ndiyo siku niliyouheshimu.

Niliporudi Tausi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevikwa khanga mpya, macho chini. Jumatatu alfajiri nilimsindikiza Msamvu. Kabla hajapanda basi la Dodoma akanyoosha mkono, "Lete simu, mjomba. Umejifunza kwa nani?" Nikamtajia, akawa anaandika: mama yangu Zainabu, Mzee Kibwana wa solo, bendi ya nyuma ya ukuta, kwaya ya misheni niliyokuwa nikiisikia tukichunga mbuzi, wanawake wa ukoo wetu. Kondakta anapiga kelele, sisi bado tunaandika.

Sasa nasaha yangu ni hii, wewe unayeshika gitaa, au kalamu, au nyundo. Jivunie kazi ya mikono yako. Mimi bado najivuna, mageti yangu hayaburuzi. Tumia mtandao, shirikiana na watu wa mbali, Fiston leo ni ndugu yangu na tuna vipande vinne vipya. Lakini kabla hujasema "changu," rudi nyuma utafute kilikopita kabla ya kukufikia, na kama kina wenyewe, omba; na kama wenyewe wakikataa, kiache. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa na karakana. Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yenye adabu, wazee wako wakusikie ukiwataja wangali hai, na mlango wako ukifunguliwa wawepo wa kukuimbia.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara, nisikufiche na hili. Beberu, khanga, studio ya Fiston, boda na bando, vyote kwa pamoja: neno "hakuna" nililomwamuru mtoto aandike lilinigharimu shilingi laki tano, arobaini na saba elfu na mia tano.